Adui wa chuma-60 ni nikeli

Tangu ilipotangazwa mwaka 2019 kwamba theluji ya Antaktika ina chuma-60 (chuma chenye mionzi kinachotawanywa na nyota kubwa zinapolipuka) kilichotoka nje ya mfumo wa jua, sifa zimeiendea mashine kubwa ya kuchapua chembe iliyokuwa Garching, Ujerumani. Inastahili. Ila kwa maoni yangu, kipimo cha namna hii hupona au hufa mapema zaidi, mezani kwa mkemia.

Theluji kilo 500, yenye umri usiozidi miaka 20, ilichimbwa karibu na kituo cha utafiti cha Kohnen, hukohuko Antaktika, na kusafirishwa ikiwa bado imeganda. Kinachosakwa humo ni atomi chache mno. Huwezi kuzingoja zioze: nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka milioni 2.6. Sharti zihesabiwe moja moja, na hapo ndipo nikeli-60 inapovuruga mambo, kwani uzito wake ni karibu uleule, haiozi, na imetapakaa kila mahali. Hata koleo la chuma cha pua lina nikeli!

Theluji ikishayeyuka, maji huchujwa na kukaushwa, kisha mabaki huyeyushwa kwa asidi. Katika asidi hidrokloriki kali, chuma hunasa kwenye resini (vijipunje vya plastiki vinavyovuta chembe zenye chaji), nikeli ikapita na kwenda zake. Punguza ukali wa asidi, chuma kinaachia. Ukitia amonia, chuma hutuama kama tope la rangi ya kutu. Nikeli husalia majini, mradi amonia isibaniwe, la sivyo nayo hushuka. Tope hukaushwa, likachomwa hadi liwe oksidi, likachanganywa na unga wa fedha.

Nikeli haitaisha hata hivyo. Inayobaki hutengwa kwenye ile mashine na sumaku iliyojazwa gesi: ikipita kwenye gesi, nikeli yenye protoni 28 hubeba wastani wa chaji kubwa kuliko chuma chenye 26, hivyo hupinda zaidi.

Kinachonikera ni taarifa zinazotaja atomi zilizoonekana na kukinyamazia kipimo tupu, yaani kemikali zilezile na vyombo vilevile, bila theluji. Manganizi-53, atomi nyingine yenye mionzi, nayo husahaulika. Miale ya angani ikigonga vumbi la anga huzalisha chuma-60 na manganizi-53 kwa pamoja, kwa hiyo nyota iliyolipuka itajwe pale tu chuma-60 kinapozidi kiasi ambacho manganizi hiyo inaweza kukieleza.