Kabla ya kuchangisha kinanda kipya, nunueni waya wa printa

Kila baada ya miaka miwili mitatu kwaya yetu hushikwa na homa ileile. Mtu ametoka harusini, amesikia piano ikilia ikalia kweli, basi Jumamosi mazoezi yanageuka kikao. Kinanda chetu kimechoka. Sauti yake kama debe. Tuchangishe. Bahasha zinachapwa, mweka hazina anafungua daftari, na mimi ninayekikalia hicho kinanda kila Jumapili ndiye peke yangu ninayepinga. Nimeshaitwa mkwamishaji mara nyingi kiasi kwamba leo nimeona niandike.

Si ubahili. Kinanda chenyewe ni kizima. Hiyo sauti ya debe ilikuwamo tangu siku kilipotolewa kwenye boksi, ila tulikuwa na furaha ya kitu kipya tukasamehe. Keyi zake 61 zote zinabonyezeka na zote zinalia. Na nyuma yake, karibu na tundu la adapta, pana tundu dogo la mraba ambalo kwa miaka sita hakuna aliyewahi kuchomeka kitu ndani yake. Limejaa vumbi. Juu yake pameandikwa USB TO HOST.

Waya wa tundu hilo ni waya wa printa. Sisemi unafanana nao, ndio wenyewe, ule wenye kichwa bapa upande wa kompyuta na kichwa cha mraba upande wa mashine. Sisi wa kwanza tuliuazima ofisi ya parokia, na mama wa ofisini akaniuliza mara mbili kama nina hakika kinanda kinachapa.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuelewa, nami nilikosea. Nilidhani waya ule unapitisha sauti. Haupitishi sauti hata chembe. Unapitisha taarifa. Ukibonyeza do ya katikati, kinanda kinaiambia kompyuta: keyi namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu kadhaa, na nguvu hiyo ni namba kati ya 1 na 127. Ukiachia, inakwenda taarifa nyingine kwamba namba 60 imeachiwa. Ukikanyaga pedali, inakwenda taarifa ya pedali, ambayo nayo ina namba yake, 64. Ujumbe wa noti moja ni baiti tatu tu. Kazi ya kugeuza namba hizo kuwa piano ni ya programu iliyomo kwenye kompyuta, na piano hiyo inaweza kuwa nzuri kuliko kinanda chochote ambacho bahasha zetu zingeweza kununua.

Lugha hiyo ya namba inaitwa MIDI. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Januari 1983 kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 cha Wamarekani kikaunganishwa na Jupiter-6 ya Roland ya Japani, ukibonyeza hiki kinalia kile. Walioisukuma zaidi, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walikuja kupewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013, miaka 30 baadaye. Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba washindani wa biashara walikubaliana lugha moja na hawakuidai malipo. Ndiyo maana kinanda cha zamani hizo, kilichookotwa stoo ya kanisa lolote, bado kinaelewana na programu iliyoandikwa mwaka huu.

Kama chako ni cha umri huo hakitakuwa na tundu la mraba. Tafuta matundu mawili ya duara yenye vishimo vitano vitano. Hayo yanahitaji waya mwingine, wa MIDI kwenda USB, na hapa nitoe onyo la mtu aliyeungua. Kwanza, kichwa kilichoandikwa IN mara nyingi ndicho kinachoingia kwenye tundu la OUT, kwa maana kinachotoka kwenye kinanda ndicho kinachoingia kwenye kompyuta. Nilipoteza saa nzima kwa kuchomeka IN kwenye IN kama mtu mwenye akili zake. Pili, usinunue ule wa bei ya chini kuliko zote. Niliununua Kariakoo, muuzaji akanihakikishia, nikafika nao hadi katikati ya zaburi. Taarifa ya kuachia noti moja ikapotea njiani, na kompyuta kwa uaminifu wake ikaendelea kuiliza hiyo noti, moja, ndefu, huku msomaji akinitazama.

Sasa tuje kwenye jambo linalowafanya watu tisa kati ya kumi, kwa hesabu yangu ya kuotea, wachomoe waya na kurudi kwenye bahasha.

Jumamosi moja baada ya mazoezi nilimwekea laptopu kijana mmoja wa sauti ya nne anayejifunza kinanda kwangu. Laptopu ilikaa kwenye kiti cha plastiki, waya ukapita chini ya miguu. Akagonga akodi ya kwanza. Kimya kidogo, kisha ikalia. Akagonga tena. Akasimamisha mikono hewani.

“Mwalimu, mbona nikigonga leo inaitika kesho?”

Nilicheka, lakini maelezo yake ni sahihi kuliko ya vitabu. Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Inazikusanya kwanza kwenye ndoo, ikijaa ndiyo inamwagwa kwenye spika. Ndoo hiyo wataalamu wanaiita bafa. Kwa kawaida sauti hukatwa vipande 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo ndoo ya vipande 256 ni karibu milisekunde 6, ya 512 ni karibu 12, ya 1,024 ni karibu 23. Ukijumlisha na vituo vingine vya njiani, hasa kwenye Windows ikiachiwa mipangilio yake ya kawaida, unafika mahali vidole vinakataa kupiga. Mtu anayesikiliza muziki au kutazama sinema hagundui lolote. Mpigaji ndiye anayeumia.

Dawa yake ipo na ni ya bure. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa njia ya mkato inayoitwa ASIO mwaka 1997, inayoiwezesha programu ya muziki kuzungumza na kadi ya sauti, yaani kile kifaa cha kompyuta kinachotoa sauti, bila kupitia kwa Windows mlango kwa mlango. Kama kadi yako haina draiva ya ASIO, yaani programu ndogo ya kuiendesha kwa njia hiyo, na kadi iliyojengewa ndani ya laptopu mara nyingi haina, ipo ASIO4ALL ambayo unaishusha bure. Ukishaiweka usitegemee muujiza. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu ya piano uichague, kisha punguza bafa polepole hadi sauti ianze kukwaruza, halafu panda ngazi moja. Kwangu ilitulia kwenye 256. Wenye Mac hawana habari na haya yote, wao wanachomeka wanapiga, na wanatuudhi.

Wala usitafute sifuri. Sauti hewani hukata kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, hivyo kuchelewa milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye piano. Mama wa sauti ya pili aliyesimama mstari wa nyuma ameishi hivyo miaka yote na hajawahi kulalamika.

Ila yule kijana tulikuwa tumemkosea kwa jambo lingine pia: tulikuwa tumetumia spika ya bluetooth. Hiyo peke yake hula mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na hakuna ASIO itakayokuokoa. Sauti itoke kwa waya, kwenye tundu la hedifoni kwenda kwenye miksa. Tulipobadilisha akapiga akodi ileile, akageuka kunitazama, hakusema kitu. Akarudia wimbo mzima.

Programu gani? Hapa nina msimamo. Usiende kwa yule jamaa wa flashi anayekuuzia programu za maelfu ya dola kwa bei ya chipsi kuku. Utaletewa mzigo wa makumi ya gigabaiti, virusi juu yake, na laptopu yako ya RAM ya gigabaiti 4 itapiga magoti. Anza na Salamander. Bwana mmoja aitwaye Alexander Holm alirekodi piano kubwa ya Yamaha C5, kwa ngazi 16 za nguvu ya mkono, kisha akaigawa bure. Inafunguliwa na programu ya bure inayoitwa sforzando, ya kampuni ya Plogue. Ukiwa na laptopu dhaifu lakini una vijisenti vya kuilipia programu, jaribu Pianoteq ya Modartt ya Ufaransa. Hiyo haina rekodi za piano, inakokotoa yenyewe namna nyundo inavyopiga waya na waya unavyotikisika, kwa hiyo ukubwa wake ni makumi ya megabaiti tu. Nimeipenda pia kwa sababu ya kipuuzi. Zamani pwani, mtu akisema kinanda alimaanisha chombo cha nyuzi. Basi baada ya kuzunguka kote huko, kinanda kimerudi kwenye nyuzi, ingawa ni za hesabu.

Simu nayo inaweza. Android kuanzia toleo la 6 la mwaka 2015 inaijua MIDI, na kile kiunganishi cha OTG, cha kuchomekea waya wa USB kwenye simu, kinatosha. Kwa mazoezi ya nyumbani sawa. Kanisani siipeleki.

Laptopu yenyewe kanisani ina vituko vyake, sitaki kuwadanganya. Zima intaneti kabla ya ibada. Mimi sikuzima, na katika ule ukimya baada ya komunyo ujumbe wa WhatsApp ukalia kwenye spika zote nne. Zima kulala kwa kioo. Masasisho ya Windows yafanye Ijumaa. Kukiwa na mngurumo kwenye spika, chomoa chaja, mara nyingi ndiye mchawi, na fundi mitambo ataacha kukulaumu wewe. Na shusha sauti ya kinanda chenyewe, au kama kina kipengele cha Local Control, kinachofanya keyi zilize sauti ya kinanda chenyewe, kizime, la sivyo zinalia piano mbili, ya kinanda na ya kompyuta, moja nyuma ya nyingine kama mtu anayesali na mwangwi wake.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naikubali. Piano ya kompyuta haina biti. Kwaya ya vijana inapotaka sebene, zile staili za kinanda zenye ngoma na besi ndizo zinazowabeba, na Salamander haitawasaidia kitu. Sawa. Kinanda hakijaondoka, kipo palepale. Wakati wa kutoa sadaka kipige biti zake, wakati wa zaburi kipige piano ya laptopu. Ni swali la kupandisha kitasa kimoja cha miksa na kushusha kingine.

Hoja nyingine hawaitoi wao, naitoa mwenyewe. Piano nzuri inaumbua mkono mbaya. Kwenye sauti ya debe noti zote zililingana, kila mtu alionekana fundi. Zenye ngazi 16 zilipoanza kulia niligundua kidole changu cha nne cha kushoto hakifanyi kazi yoyote zaidi ya kuwapo. Keyi nyepesi za springi hazikusaidii kupima nguvu, unakusudia 60 unapata 95. Na nikagundua jambo la heri pia: kinanda chetu kina uwezo wa kuliza noti 32 tu kwa pamoja, hivyo nilipokanyaga pedali kwenye wimbo mzito, noti za mwanzo zilikatwa ili mpya zipate nafasi. Miaka yote nilidhani ni mwangwi wa kanisa unaozimeza.

Kwa hiyo kama lazima tuchange, tusichangie sauti. Sauti tunazo, nyingine bure. Tuchangie kile kinachoguswa: pedali ya maana badala ya ile inayokimbia sakafuni kila ukiikanyaga, na siku moja, Mungu akipenda, keyi 88 zenye uzito wa nyundo. Hata chombo kisicho na sauti yake kabisa, cha kutuma namba tu, kitatufaa kuliko kinanda kipya chenye sauti 700 ambazo tutatumia nne.

Kikao ni Jumamosi ijayo. Laptopu nitakuja nayo. Waya itabidi niurudishe Jumatatu, maana mama wa ofisini ameshanitumia ujumbe mara mbili kuwa matangazo ya wiki hayajachapwa, na hilo ndilo ombi langu la kwanza kwa mweka hazina: waya wetu wenyewe.