Nusa Kwanza, Mkuu

Kadi ya tamasha la bia imebaki na shilingi 4,700. Bia ya bei ya chini kabisa ilikuwa 6,000. Sasa niambieni mimi, mtu wa heshima zangu, mjumbe wa kamati za harusi na mweka hazina mstaafu wa kikoba, nifanye nini na kadi ya plastiki yenye pesa zisizorudi? Nimepiga namba iliyo mgongoni mwa kadi asubuhi hii. Dada ana sauti nzuri sana. "Salio halirejeshwi, mpendwa mteja, utalitumia tamasha lijalo." Tamasha lijalo ni mwakani! Pesa yangu ilale kwao mwaka mzima, haina riba, haina gawio. Kikoba chetu kingethubutu hivyo, akinamama wangefika mlangoni na miko.

Na msidhani hawajui hesabu. Kadi yenyewe inauzwa 2,000. Bia ni 6,000, 7,500 na 8,800. Nani anaweka bei ya 8,800 mahali pasipo na chenji? Aliyeipanga amekaa chini na kalamu, amepiga mahesabu, akahakikisha hakuna binadamu atakayemaliza salio lake mpaka Yesu arudi.

Chanzo ni shemeji. Kitinda mimba wa kwao mke wangu, yule wa bima, mwenye ndevu za kuchongwa kwa mstari. "Shem, Jumamosi kuna tamasha la bia kule Kawe. Bia za kila aina, bendi, watu wastaarabu." Mimi bia naijua. Nimeinywa umeme umekatika, nimeinywa timu imefungwa, nimeinywa nikiwa nimejificha mwenye nyumba. Baa ya mtaani kwetu mhudumu ana swali moja tu: "Ya baridi au ya moto?" Ukijibu, umefaulu. Lakini tiketi alishanunua, na ilikuwa imeandikwa kwa wino mnene kwamba kiingilio kinajumuisha bia moja. Cha bure tarehe 17, nani anakataa?

Hiyo bia moja tuliipata. Mililita 100. Povu limo ndani ya hesabu.

Mlangoni baunsa alinipekua mpaka soksi. Maji ya kunywa akayachukua, karanga alizonifungia mke wangu akazichukua. Dakika tano baadaye nikamwona anazila, anatema maganda kistaarabu. Kwenye dirisha la kujaza kadi mtandao ulikuwa unasumbua. Siwaelezi. Mnajua.

Basi nikafika kwenye kibanda cha kwanza. Kuna kijana pale, aproni ya ngozi, kofia ya sufu kichwani katika joto hili la Dar, masharubu yamesokotwa ncha zikaelekea juu.

"Karibu mkuu. Tukuanzishie safari na nini?"

"Bia."

"Bia gani, mkuu?"

"Ya baridi."

Akatabasamu kwa huruma. "Mkuu, bia ikiwa baridi sana ulimi unakufa ganzi, ladha inajificha. Hii tunaitoa nyuzi 10 mpaka 12."

Nyuzi 12, kwa lugha ya baa yetu, maana yake friji lilizimwa tangu alfajiri na mwenye baa anatafutwa. Lakini nikanyamaza, mimi ni mgeni. Akanimiminia kwenye bilauri yenye mguu, nusu bia, nusu povu. Nikanyoosha mkono. Akaivuta bilauri nyuma.

"Nusa kwanza, mkuu."

Ninuse. Mimi. Mbele za watu, shemeji anachukua video. Nikanusa.

"Unapata nini?"

"Bia."

"Zaidi ya bia?"

Nikanusa tena, safari hii nimefumba macho ili aone juhudi. "Bia nyingi."

"Kuna machungwa," akaninong'oneza. "Kuna msonobari. Halafu kwa mbali kabisa, kuna nyasi zilizokatwa asubuhi."

Nyasi! Ndugu zangu, nyasi nimezifyeka shule ya msingi darasa la kwanza mpaka la saba, fyekeo natoka nalo nyumbani, na nikichelewa nachapwa. Leo nalipa 8,800 kuzinusa!

Nyuma yangu foleni inakua. Mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu akasema, "Baba, changamka basi, wengine tuna kiu."

Nikamgeukia kwa adabu. "Subiri, mama. Bado tuko kwenye nyasi."

Nikaruhusiwa kunywa. Jamani, mwarobaini! Ule ule aliotuchemshia mama, wa kukimbizwa uwanja mzima, mmoja anakushika pua, mwingine miguu. Nikamuuliza kijana kwa upole kama pipa limeharibika.

"Hapana mkuu, huo ni uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia. Hii ina uchungu 60. Laga mliyoizoea iko 10, ikizidi sana 20."

Kumbe uchungu una kipimo, na kipimo kina namba. Nikaweka bilauri chini. "Kijana wangu, hicho kipimo kinapima bia tu au hata mtu?"

"Bia tu, mkuu."

Pole yetu. Mimi tarehe 17, luku inalia, ada imeitwa, mwenye nyumba anakohoa makusudi barazani, 60 naipita kabla sijapiga mswaki.

Sasa akaanza historia. Kwamba Waingereza waliipeleka bia ya aina hii India kwa meli, wakazidisha hopsi isiharibike baharini. Nikamuuliza, kama ilikuwa ishushwe India, Kawe imefikaje? Akaruka hilo. Akahamia kwa Wajerumani: kwamba huko Bavaria mwaka 1516 watawala waliweka sheria, bia iwe ya maji, shayiri na hopsi, basi.

"Na hamira?"

"Hamira walikuwa hawajaijua, mkuu. Ilifanya kazi yenyewe, wao hawana habari."

Hapo akanigusa pabaya. Nikamwambia bibi yangu kule Old Moshi hakuletewa nakala ya sheria hiyo. Yeye alichemsha ndizi mbivu, akaziacha siku zake zichachuke, akachanganya na ulezi ulioota ukakaushwa na kusagwa, akatia gome la msesewe ili mbege ikaze. Na kabla mgeni hajagusa, bibi anaonja yeye mwenyewe mbele yake, ili ajue hakuna hila. Hakuna aliyeambiwa anuse.

Kijana akashika masharubu yote mawili. "Mkuu! Ndizi! Gome la mti! Tukiitia kwenye kopo jeusi, 12,000!"

"Bibi aliiuza kwa kata, na mdaiwa aliandikwa ukutani kwa mkaa."

"Na harufu zake? Unakumbuka harufu?"

"Ng'ombe. Zizi lilikuwa hapo karibu."

Akaandika! Naapa, alitoa simu akaandika "ng'ombe".

"Baba wee!" mama wa miwani akapaza sauti. "Mnaoana au mnauziana bia?"

Nikagusisha kadi. Haisomi. Nikageuza. Haisomi. Kijana akaifuta kwenye aproni, akaipuliza, akaiinua juu, tukangoja mtandao sote, mimi, yeye, mama, na foleni nzima ya watu wazima wamekodolea macho kimashine kidogo chenye taa ya kijani. Ikalia tii! Watu wakapiga makofi. Sijapigiwa makofi hivyo tangu siku ya harusi yangu.

Sitawaambia ile bia ilikuwa tamu. Nitasema tu kwamba bilauri iliisha, na mimi nikarudi mwisho wa foleni ile ile kuhakiki suala la nyasi. Ni kweli zipo. Machungwa pia yapo, ukimaliza ya pili. Msonobari sina uhakika, miti ile naijua kwa macho tu pale Sao Hill nikiwa ndani ya basi.

Kulikuwa na nyeusi, wanaikaanga shayiri mpaka inakaribia kuungua, unapata ladha ya kahawa bila mtu kukuuliza sukari vijiko vingapi. Hiyo nilimheshimu aliyeitengeneza. Kulikuwa na ya tangawizi, sawa. Kulikuwa na ya embe, siizungumzii, kwa sababu embe nampenda.

Jukwaani mshereheshaji alikuwa hachoki. Akatusimulia habari ya Oktoberfest, kwamba kumbe ilianza na harusi: mwana mfalme Ludwig wa Bavaria alimwoa Therese mwaka 1810, watu wa München wakafanyiwa sherehe na mbio za farasi uwanjani, ikanoga, mwaka uliofuata wakarudia, na hawajaacha mpaka leo isipokuwa miaka michache, kama ya vita, kipindupindu na korona. Na sherehe ya Oktoba inaanza Septemba! Fundi wangu wa kabati ni kinyume chake kabisa, kwake Septemba ni Januari. Lakini mimi nilibaki kwenye harusi. Harusi ya 1810 haijaisha! Ina maana kuna kamati haijavunjwa. Kuna mweka hazina mahali, miaka zaidi ya mia mbili, anatuma ujumbe, "Wanakamati, bado tuna upungufu."

Akaruka Nairobi. Kwamba kiwanda kilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, wa kwao Hurst, na mwaka uliofuata mmoja wao, George, akaenda kuwinda tembo, tembo akamuua, ndiyo asili ya bia kuitwa Tusker na kubandikwa picha ya tembo. Watu wakashangilia. Mimi nikakaa kimya. Ndugu yako anauawa na tembo, wewe unamchukua tembo unampa kazi ya kuuza! Kwetu hicho ni kikao cha ukoo, mbuzi wawili na mjomba kutoka Marangu.

Nilitaka kukaa nitafakari hilo. Kukaa wapi? Viti hakuna! Uwanja mzima, maelfu ya watu wazima wenye nyonga zao, bia mkononi, wamesimama. Nikaona viti vyeupe mbele kule, vimevalishwa na vitambaa, feni inapuliza. Nikajongea. Kijana mwenye redio ya mkononi akanizuia. "Hapa VIP, mzee. Meza laki tano."

Na hapa ndipo mzaha unanitoka. Laki tano ya kukaa. Sisemi nyama, sisemi bia, nasema kukaa! Mji huu kila kitu sasa kina VIP. Mpira VIP, basi la mkoani VIP, kanisani viti vya mbele vina majina ya watu. Mwezi jana nimekwenda msibani Tabata, kuna hema la VIP, lina maji ya chupa, sisi wengine tuko juani na ndoo na kikombe kimoja. Tumelia wote! Marehemu ni mmoja! Na choo cha tamasha, foleni yake ilizidi ya bia, halafu kuna cha pembeni kisafi kina zulia, kinalindwa, kimeandikwa nini? Mtu na kibofu chake anaulizwa rangi ya mkanda wa mkononi. Hapana. Kwa kweli hapana. Mimi nalipa kodi kwenye sukari, kwenye soda, kwenye kifurushi, kwenye ile bia yenyewe ndiyo usiseme, halafu nikitaka kujisaidia nionyeshe mkanda.

Mzee mmoja wa Bukoba ndiye aliyeniokoa. Alikuwa amegeuza kreti tupu, amekaa nyuma ya spika kwa utulivu wa mtu aliyeona mengi. Akasogea, akanipa nusu ya kreti. Akaniambia kwao lubisi, pombe yao ya ndizi, inakamuliwa kwa miguu, ndizi na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, halafu wanatia mtama. Nyasi tena! Nikamwelekeza kwa kijana wa masharubu. Singeli ikaanza, spika mgongoni mwetu, meno yakawa yanagongana yenyewe, hatukusikiana tena ila tulikuwa tunaitikia kwa vichwa. Nilikaa pale mpaka wanazima taa. Shemeji anasema nilicheza. Ana video, anaiuza.

Kurudi ndiyo hadithi nyingine. Bajaji ya 4,000 imekuwa 15,000 kwa sababu dereva "ametoka kulala". Kulala ni kwake, gharama ni kwangu. Njia nzima ananiuliza kama bia za mle ndani zinalewesha, na mimi nimeshika chuma kwa mikono miwili.

Nimefika, simu inalia. Kundi la harusi ya Elinami, mtoto wa binamu. Kadi ya mtu mmoja laki moja, ya wawili laki na nusu. Nikauliza, maana ni haki yangu kama mchangiaji, vinywaji je? Katibu akajibu usiku ule ule, na vikaragosi vya mikono iliyofumbatwa: bwana harusi ameokoka, ni soda na maji. Laki na nusu ya soda! Na mnajua soda ya harusi inavyogawiwa, meza kuu wanapewa mbilimbili, sisi wa nyuma mhudumu anatupita anaangalia ukuta. Na bado kuna sare. Akinamama wamepiga kura, rangi ya pichi. Mke wangu kazunguka Kariakoo kutwa, pichi imeisha, iliyobaki ni rangi ya samoni, na mwenyekiti wa sare, ambaye ni dada yangu mwenyewe wa tumbo moja, amesema aliyevaa samoni asiingie kwenye picha.