Kumbukumbu za Vita za Kina Mama wa Okinawa: Ufunguo Ashike Nani?

Msichana aliyekuwa na miaka 10 Wamarekani walipotua Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, Aprili 1, 1945, katika Vita vya Pili vya Dunia, leo ni bikizee wa miaka 90 na ushei. Baadhi ya wasichana hao baadaye waliolewa na askari wa jeshi lile lile wakahamia Marekani. Wengine walifuata ndugu zao Hawaii, Brazili au Bolivia. Nyuma waliacha kisiwa kilichopoteza takriban robo ya raia wake. Sasa wajukuu wanataka kunasa simulizi zao kabla hazijazikwa nao. Je, ni haki kumtonesha donda bibi aliyeamua kunyamaza?

Wanaotaka simulizi zirekodiwe wana hoja nzito, na ushahidi uko Yomitan, kijiji cha Okinawa, kwenye mapango ambayo wenyeji huyaita gama. Katika pango la Chibichiri walijificha watu wapatao 140. Aprili 2 zaidi ya 80 walikufa humo, wengi wao watoto, wengine kwa mikono ya wazazi wao, kwa kuwa walikuwa wameaminishwa kwamba adui atawatesa na kuwanajisi wanawake. Katika pango la Shimuku, si mbali na hapo, watu kama 1,000 walitoka wazima. Humo walikuwamo wanaume wawili waliowahi kuishi Hawaii. Waliwatuliza wenzao, wakatoka kuzungumza na Wamarekani kwa Kiingereza.

Waliosalimika Chibichiri walinyamaza hadi 1983. Mama angeanzaje kusimulia, na jirani aliyefiwa pango lile lile anamtazama? Lakini waliposema, ilifaa. Mwaka 2007 wizara ya elimu ya Japani ilitaka vitabu vya shule vipunguze habari za jeshi la Japani kuwashurutisha raia wajiue wakati wa vita. Waokinawa walifurika mji wa Ginowan kupinga, na walikuwa na cha kusema kwa sababu wazee wao walikuwa wameshasema.

Hata hivyo, aliyebaki kijijini aliomboleza pamoja na waliojua. Aliyeolewa na Mmarekani alikumbuka vita nyumbani kwa mtu aliyevaa sare ile ile. Akisimulia, watoto wanaomsikiliza ni wa mume huyo. Kwake kimya hakikuwa kusahau. Kilikuwa nguzo iliyosimamisha nyumba, na anayeivuta aitazame kwanza paa.

Kuna na suala la lugha, ambalo naona linapuuzwa mno. Zamani mwanafunzi aliyeteleza akasema Kiokinawa shuleni alivishwa kibao cha mbao shingoni. Wakati wa mapigano, jeshi la Japani lilitangaza kwamba atakayezungumza lugha hiyo atahesabiwa jasusi. Mtoto aliyekua hivyo, leo mjukuu anamwekea simu mezani na kumhoji kwa Kiingereza. Atajibu, ndiyo, lakini kwa maneno aliyojifunza ukubwani, dukani na kazini. Kilio cha pangoni hakimo ndani ya maneno hayo.

Mimi nasema warekodiwe, na ufunguo washike wao: lugha gani, nani akae chumbani, sehemu ipi isitoke mpaka wafe. Wasichana wa Himeyuri walifanya hivyo. Kati ya wanafunzi na walimu 240 waliopelekwa kuuguza majeruhi wa jeshi, 136 walikufa. Waliosalia walishiriki kuanzisha jumba lao la makumbusho mwaka 1989, na kwa miaka mingi waliwasimulia wageni kwa vinywa vyao. Wengi wa walioolewa na askari wakahama hawakupata jumba wala wenzao wa kukaa nao; walitawanyika mmoja mmoja.

Kwa hiyo anayewaendea asianze na bomu. Aanze na nguruwe. Vita vilikuwa vimemaliza mifugo kisiwani, na mwaka 1948 Waokinawa wa Hawaii walichanga fedha, wakavusha baharini nguruwe 550 kuwapelekea ndugu zao. Muulize bibi nyama ile ilipikwaje kwao, nani alikoroga chungu, nani hakuwepo tena kula. Akifika mlangoni pa pango akanyamaza, zima kinasa sauti, ukae naye.