Lami inakuja mtaani, maji yataelekea wapi?

Wahandisi wengi wana swali ambalo, kwa kweli, lina haki yake. Kama barabara ipo tayari na watu wanaipita kila siku, na kinachofanyika ni kuikarabati tu, tathmini ya athari kwa mazingira inatafuta nini? Hakuna msitu unaokatwa. Hakuna mbuga inayopasuliwa katikati. Ni barabara ya mtaani yenye mashimo, ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, ambayo hatimaye inawekwa lami. Mwambie mkazi wa Tandale kwamba kazi imesimama kwa sababu kuna ripoti ya mazingira haijapita, uone atakavyokutazama.

Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kulipima swali hili, maana jiji limelipitia mara nyingi. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza jiji unaojulikana zaidi kwa herufi zake, DMDP. Kupitia mradi huo barabara za mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke ziliwekwa lami, mitaro ikajengwa na taa zikasimikwa kwenye mitaa iliyokuwa giza tupu. Mwaka 2017 ikaanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara za aina hii zikawekwa chini yake. Juu ya yote hayo ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza. Kanuni zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, miradi iligawanywa kwa uzito wa athari zake: kundi A ambalo tathmini kamili ni lazima, B1 la katikati, B2 la miradi midogo, na kundi la miradi maalumu. Nia ilikuwa nzuri. Si busara kumbebesha anayekarabati kilomita mbili za mtaani mzigo ule ule wa anayejenga bwawa.

Wanaoona tathmini ni mzigo wana hoja moja nzito kuliko zote, nayo ni kwamba barabara mbovu yenyewe ni uchafuzi. Chukua suala la vyoo. Sehemu kubwa ya makazi yasiyopimwa Dar es Salaam inatumia vyoo vya shimo. Shimo likijaa linahitaji gari la majitaka, na gari la majitaka halipiti kwenye njia yenye makorongo. Mwenye nyumba afanye nini? Anasubiri mvua kubwa usiku, anatoboa shimo upande wa chini na kuyaachia maji yabebe. Wenyewe wanaita kutapisha choo, na kila mwaka viongozi wa mitaa wanakemea na kutoza faini, na kila mwaka vyoo vinatapishwa. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia Kinondoni mwezi Agosti kabla ya kusambaa mikoani. Siwezi kusema kwamba lami ingeuzuia. Lakini mtaa ambao gari la majitaka na gari la taka yanafika una nafasi ya kuwa msafi, na ule usiofikika hauna. Kwa hesabu hiyo, kila mwezi ambao ukarabati unachelewa una gharama ya kimazingira, na gharama hiyo haiandikwi kwenye ripoti yoyote.

Kuna na suala la majira. Dar ina vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mkandarasi aliyepanga kuchimba Juni, kibali kikamfikia Februari, atakuwa ameifukua barabara masika yakiingia. Udongo uliolegezwa unasombwa na kujaza mitaro ya mtaa wa chini, mashimo yanageuka madimbwi, na shughuli iliyocheleweshwa kwa jina la mazingira inaishia kuyaharibu. Hili linatokea, na watetezi wa tathmini hawapendi kulizungumzia.

Halafu kuna ripoti zenyewe. Aliyewahi kusoma mbili au tatu anajua jinsi zinavyofanana kama sare za shule. Maji yatamwagwa kuzuia vumbi, wafanyakazi watapewa barakoa na viatu vigumu, taka zitapelekwa mahali palipoidhinishwa, miti itapandwa. Badilisha jina la kata na ripoti ya Temeke inakuwa ya Ubungo. Kanuni zinataka muhtasari uandikwe kwa Kiswahili pia, lakini mwili wa ripoti ni mamia ya kurasa za Kiingereza ambazo mwenyekiti wa serikali ya mtaa hatazisoma, na sioni sababu ya kumlaumu.

Hayo yote nayakubali, na bado nadhani wanaosema "barabara ipo tayari" wanakosea mahali pamoja pakubwa. Wanaitazama barabara kama ukanda wa mita saba. Athari za barabara ya mjini haziishii kwenye ukanda huo, na nyingi zinabebwa na maji.

Piga hesabu ndogo. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7 ni mita za mraba 7,000. Mvua ya milimita 50, ambayo Dar inanyesha kwa siku moja bila mtu kushangaa, inamwaga juu ya lami hiyo lita 350,000. Ni kweli kwamba barabara ya udongo iliyoshindiliwa na magari kwa miaka mingi nayo hainywi maji mengi, kwa hiyo lami peke yake haibadilishi sana. Kinachobadilika ni mwendo. Zamani maji yalituama kwenye mashimo, yakazunguka nyuma ya nyumba, yakapotelea kwenye viwanja vitupu. Sasa yanaingia kwenye mtaro wa zege pamoja na ya mapaa yote ya jirani, na yanafika chini kwa kasi, yote kwa wakati mmoja.

Chini ni wapi? Kwa mitaa mingi ya Kinondoni, chini ni Mto Ng'ombe, na Mto Ng'ombe unamwaga Msimbazi. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini karibu na daraja la Salenda, ukipita Jangwani, mahali ambapo Barabara ya Morogoro imefungwa kwa mafuriko mara zisizohesabika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Pamoja na hayo, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa hapo hapo Jangwani, na mabasi yalipoanza kazi mwaka 2016 haikupita muda kabla maji hayajaifikia. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola nyingine milioni 200, safari hii kwa ajili ya bonde la Msimbazi lenyewe.

Sisemi barabara za mitaani ndizo zilizoifurisha Jangwani. Kuna ujenzi mabondeni, kuna uchimbaji wa mchanga mitoni, kuna vilima vilivyobaki vipara. Ninachosema ni kwamba mradi mmoja unaharakisha maji kutoka juu, na mwingine unalipwa kuyapokea chini, na tathmini ya kila barabara, ikifanywa peke yake, inahitimisha kwamba athari ni ndogo. Jumla ya "ndogo" hizo haina mwenyewe. Hapa ndipo mgawanyo wa makundi A na B unapopwaya: unapima ukubwa wa mradi mmoja, wakati mto unapokea miradi yote.

Maji yana kisa kingine cha karibu zaidi. Barabara ya lami inajengwa kwa matabaka, na matabaka mawili ya msingi ya sentimita 15 kila moja, kabla hata ya lami yenyewe, ni jambo la kawaida. Mkandarasi asipochimba vya kutosha kuondoa udongo wa zamani, barabara inapanda. Nenda mitaa iliyowekwa lami zaidi ya mara moja utaona vizingiti vya milango vilivyokuwa juu ya barabara sasa viko chini yake, na wenye nyumba wamejenga vijiukuta vya tofali mlangoni ili mvua isiingie sebuleni. Mtoto anaruka kijiukuta kwenda shule, bibi anasaidiwa kukivuka. Kwenye ripoti, kimo cha barabara ni suala la usanifu. Kwa anayeishi pale, hiyo ndiyo athari yenyewe.

Na kifusi? Udongo uliochimbwa lazima uende mahali, na "mahali palipoidhinishwa" huwa mbali. Dereva wa lori la kifusi hakosi mteja wa karibu. Mwenye kiwanja bondeni anakihitaji ili ainue nyumba yake juu ya maji, na analipa. Kwa hiyo udongo wa barabara ya mlimani unaishia kujaza bonde ambalo mto ulikuwa unapanuka wakati wa mafuriko. Kila mmoja kwenye biashara hiyo ana akili timamu na sababu nzuri. Mto tu ndio unaobanwa.

Ajabu ni kwamba mjadala wa hadhara kuhusu barabara za mijini huvutwa zaidi na miti. Nairobi mwaka 2020, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipokuwa inajengwa, mti mkubwa wa mugumo pembeni mwa Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe. Watu walipiga kelele, na mwezi Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaagiza ubaki. Nilifurahi kama wengine. Mugumo una heshima yake kwa Wakikuyu, na kivuli hakinunuliwi. Lakini mti unaonekana kwenye picha. Kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, lililo jembamba kuliko maji yanayolijia halionekani, na hakuna anayeandamana kwa ajili yake.

Upande wa watu nao nitaupitia kwa ufupi, ingawa wengine wanadhani haumo kwenye "mazingira". Umo. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi wa barabara magharibi mwa Uganda, baada ya wafanyakazi wa ujenzi kuhusishwa na unyanyasaji wa kingono kwa wasichana wa vijiji vya njiani. Haikuwa barabara ya mjini, lakini tangu hapo masharti kuhusu kambi za wafanyakazi na njia za kupokea malalamiko yamekuwa makali kwenye mikopo ya Benki hiyo, na hili ni eneo moja ambalo makaratasi yameleta mabadiliko ya kweli. Mitaani Dar malalamiko ya kawaida ni madogo zaidi: roli, ule mtambo wa kushindilia barabara, linapita, ukuta wa tofali zenye saruji kidogo unapata nyufa, mwenye nyumba anadai fidia, mkandarasi anasema nyufa zilikuwepo. Picha za kuta kabla roli halijafika zingemaliza ugomvi huo siku moja. Wapangaji, ambao ni wengi kuliko wenye nyumba, hawana hata pa kudai: lami ikiingia kodi inapanda, na wao hawamo kwenye orodha ya walioathirika.

Kwa hiyo nasimama wapi? Kwa barabara za mtaani ningepunguza ripoti hadi kurasa chache, na kurasa hizo zijibu mambo manne tu: maji yanatoka wapi na yanaishia wapi, barabara itakuwa na kimo gani ukilinganisha na vizingiti vya nyumba, kifusi kinakwenda wapi, na nani atasafisha mtaro baada ya mkandarasi kuondoka. Hilo la mwisho lina utata wa kiofisi unaochosha: mtaro ni wa TARURA pamoja na barabara yake, taka zinazouziba ni kazi ya halmashauri ya manispaa. Mtaro ukiziba kila upande una barua ya kuonyesha kwamba si kazi yake. Suala la mto mzima liondolewe kwenye ripoti ya barabara moja moja, lifanyiwe tathmini ya pamoja kwa bonde lote, mara moja, na kila barabara mpya ipewe kiwango chake cha maji.

Lakini hata kurasa chache nzuri hazina nguvu zisipoingia kwenye jedwali la bei la mkataba, yaani orodha ya kila kazi na malipo yake. Hapo ndipo ningemwangalia mtathmini kwa makini. Kazi za mazingira zikiandikwa kwamba "zimejumuishwa kwenye bei nyingine", mkandarasi aliyeshinda zabuni kwa bei ya chini ataanza kubana hapo hapo. Boza la maji ya kuzuia vumbi litapita siku ambayo mhandisi mshauri anakagua. Zikiwa na mstari wake na bei yake, zinapimwa, zinalipwa, na zisipofanyika hazilipwi.

Mkataba pia una kipindi cha matazamio baada ya kazi kukamilika, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo sehemu ya malipo ya mkandarasi inashikiliwa. Kwa sasa ukaguzi wa mwisho unatafuta nyufa za lami na mabega ya barabara, yaani kingo zake, yaliyolika, na unaweza kufanyika Agosti, jua likiwaka. Ningependa uwekwe Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku, mwenyekiti wa mtaa na majirani wa upande wa chini wakiwepo, na fedha zile zisiachiwe hadi mtaro uonekane ukibeba maji yake hadi mwisho.