Miguu na midomo: tusimbebeshe nyati lawama zote

Ng'ombe wa jirani na hifadhi akianza kutoka udenda na kuchechemea, wa kwanza kulaumiwa ni nyati. Lawama hizo zina msingi. Nyati wa Afrika hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo bila kuonekana mgonjwa, na mmoja anaweza kukaa navyo hadi miaka 5. Kusini mwa Afrika, vinasaba vya virusi vilivyotoka kwa ng'ombe karibu na Kruger, hifadhi kubwa ya Afrika Kusini, vimelingana mara kadhaa na vya nyati wa huko. Ndiyo maana huko wamejenga uzio mrefu.

Kaskazini mwa Tanzania hali ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 haukupata ushahidi kwamba nyati huwaambukiza ng'ombe mara kwa mara. Ulichokuta ni mawimbi yanayosambaa polepole Afrika Mashariki: aina moja ya virusi inatamba, inafifia, kisha nyingine inashika zamu. Kinachoyasukuma ni mambo ya ufugaji wenyewe. Watafiti wakapendekeza chanjo itangulie: ijulikane mapema ni aina gani inayokuja, ng'ombe wachanjwe kabla haijafika.

Mimi naunga mkono, kwa sababu chanjo ya aina ya virusi iitwayo O haimkingi ng'ombe dhidi ya aina nyingine, kama SAT 2, na kinga yenyewe hudumu miezi michache tu. Mfugaji aliyelipia chanjo isiyo ya wimbi lililopo amepoteza fedha, na maksai wake wataugua vilevile msimu wa kulima.

Uwezo wa vinasaba kuonyesha virusi vimetoka wapi nao si wa kubahatisha. Hulinganishwa hasa kipande cha herufi za vinasaba zipatazo 640, chenye maelekezo ya sehemu ya ganda la virusi. Uingereza, mwaka 2007, virusi vilivyozuka Surrey vilikutwa vinafanana na vya mwaka 1967 vilivyokuwa vikitumika katika maabara za Pirbright, karibu na mashamba ya kwanza yaliyoathirika.

Lakini wanaosita wana hoja nzito. Kwanza, kutopata ushahidi wa mara kwa mara si kusema haitokei kamwe, na sampuli za nyati ni ngumu kupata: lazima apigwe sindano ya usingizi. Pili, virusi vinaweza kukaribiana kwa vinasaba na bado chanjo isivitambue vizuri. Hilo huhitaji kipimo kingine cha maabara.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Sampuli nzuri ni ngozi ya lengelenge bichi kwenye ulimi, ichukuliwe ndani ya siku chache na itunzwe kwenye ubaridi. Afisa mifugo asiye na pikipiki wala kasha la barafu ataifikishaje maabara? Majibu yakirudi baada ya miezi, wimbi limeshapita na ng'ombe wameshapelekwa mnadani. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine nyingine ya kusoma vinasaba, ningeanza na mafuta ya pikipiki hiyo.