Foleni ya England na baraza za Lamu

Huku England kijana mwenye usonji (autism, hali ya kuzaliwa nayo inayobadili namna mtu anavyohisi na kuwasiliana) anatambulika kwa maandishi: mkakati wa kuzuia kujiua wa 2023 umewataja wenye usonji miongoni mwa makundi ya kuangaliwa kwanza. Si bure. Utafiti wa 2014 wa watu wazima waliogunduliwa ukubwani na hali ya Asperger, aina ya usonji, uliwakuta asilimia 66 wamewahi kufikiria kujiua. Ila foleni ya kupimwa haina mwisho, na jirani hajui hata jina lako.

Lamu jirani anajua mpaka ulichopika, na hilo nalo lina uzito wake. Kila barazani unapopita pana salamu. Kijana asiyemtazama mtu machoni ataambiwa ana kiburi, au ana jini anyweshwe kombe, maji yaliyooshewa aya. Basi anajifunza kuigiza: anacheka wenzake wanapocheka, anavumilia spika za harusi, akirudi ndani hana nguvu hata ya kula. Kujificha huko ndiko watafiti wanakohusisha na mawazo ya kutaka kufa.

Nionavyo mimi, cha kuiga kutoka huku England ni viwili tu: swali na karatasi.

Swali liwe wazi: "Unafikiria kujiua?" Ukiuliza "hujambo?" utajibiwa "alhamdulillahi" na mambo yaishe hapo. Wengi wenye usonji hawapati maneno ya wanavyojihisi, na uso hausemi kitu. Swali hilo halimpi wazo ambalo hakuwa nalo. Dalili moja ya kuchunga: ameacha alichokipenda kupita kiasi, tuseme majahazi.

Karatasi ni mpango wa usalama, ukurasa mmoja, uandikwe akiwa ametulia, kwa maneno yake: dalili za mwanzo, kinachomtuliza, pa kwenda, wa kumwita, na nani atakayezifungia dawa za nyumbani. Mipango ya kawaida humwambia aende penye watu. Kwake kelele ndizo zinazomzidishia. Aandike kwa shangazi, chumba cha ndani, taa hafifu. Simu nayo ni mtihani, wengi hawawezi kusema na sauti ngeni. Huku wanatuma ujumbe wa simu kwa huduma ya msaada iitwayo Shout, 85258. Kwetu 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya kupiga, basi liandikwe jina la atakayempigia.

Na asiogope polisi mtu: kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kilitenguliwa na Mahakama Kuu Januari 2025. England walifuta chao 1961.

Nakala moja abaki nayo, nyingine apewe anayelala naye nyumba moja. Ipitiwe upya kila baada ya siku mbaya.