Stingley au Gardner: beki wa pembeni apimwe kwa lipi?

Usiku wa 28 Aprili 2022, Houston Texans walikuwa na chaguo la tatu kwenye drafti ya NFL (zoezi ambalo timu za ligi ya futiboli ya Kimarekani huchagua kwa zamu wachezaji kutoka vyuoni), na mbele yao kulikuwa na mabeki wawili wa pembeni. Ahmad "Sauce" Gardner wa Cincinnati alikuwa amecheza miaka mitatu ya chuo bila kuruhusu tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho, pointi 6) hata moja upande wake. Derek Stingley Jr. wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, alikuwa amecheza mechi 3 tu msimu wa mwisho, na hakuwa amenasa pasi ya mpinzani tangu 2019. Houston wakamchukua Stingley. Gardner akaangukia timu ya New York Jets, namba nne.

Wengi walisema Houston wamepotea njia. Nimeirudia hesabu ile mara nyingi, na hadi leo naona kila upande ulikuwa na la maana la kusema. Lakini hoja moja iliyotumika kumshusha Stingley haikustahili uzito wowote, nayo ni ile ya idadi ya pasi alizonasa.

Kwa asiyeufuatilia sana mchezo huu, beki wa pembeni hukaa ukingoni mwa uwanja akimkaba mpokeaji pasi wa wapinzani, mara nyingi peke yake. Anaanza kwa kurudi kinyumenyume, hajui mpokeaji huyo atakata kushoto au kulia, na mrushaji wa wapinzani anaona yote hayo. Akiteleza mara moja, wameshafungwa pointi 6. Sasa mrushaji mwenye akili akishajua upande fulani una beki mkali, hapeleki mpira huko, na beki asiyerushiwa hana cha kunasa. Kwa hiyo sifuri kwenye karatasi inaweza kuwa ya beki mbovu au ya beki anayeogopwa. Karatasi haisemi ni yupi. Sharti utazame video, mchezo kwa mchezo, hasa ile michezo ambayo mpira ulikwenda upande mwingine.

Mwaka 2019, Stingley akiwa mwaka wa kwanza chuoni, walikuwa bado wanamrushia. Alinasa pasi 6, na LSU wakashinda mechi zote 15 hadi ubingwa wa taifa. Mazoezini alikuwa akiwakaba Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, ambao wote wawili baadaye walichaguliwa raundi ya kwanza. Kijana wa umri ule kukaba mtu kwa mtu namna ile, bila kuvuta jezi na bila kupoteza utulivu mpira ukiwa hewani, ni jambo la nadra sana. Maskauti, wale wasaka vipaji wa timu, waliompenda walikuwa wanaukumbuka mwaka ule, na sioni kosa lao.

Waliomtilia shaka nao hawakuwa wajinga. Ndani ya misimu miwili iliyofuata alicheza mechi 10 tu. Mwaka 2021 aliumia mguu, jeraha la Lisfranc, lile la mifupa na kano za katikati ya wayo, akafanyiwa upasuaji. Kwa beki ambaye kazi yake yote ni kusimama ghafla na kugeuka, wayo ndio mtaji. Wapo pia waliolalamika kwamba msimu wa 2020 hakuonyesha hamu ya kukaba wakimbiaji. Mwezi Aprili alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.37 chuoni kwake, na hapo suala la kasi likaisha. Suala la mwili kuhimili msimu mzima lilibaki, maana hakuna saa inayolipima hilo.

Gardner alikuwa na faili safi zaidi: karibu futi 6 na inchi 3, mikono mirefu, sekunde 4.41. Dosari iliyotajwa ni kwamba Cincinnati walicheza kwenye ligi nyepesi. Hata nusu fainali ya ubingwa wa vyuo dhidi ya Alabama haikutoa jibu kamili, kwa sababu Alabama walishinda 27-6 kwa kukimbia na mpira zaidi kuliko kuurusha.

Mwaka wa kwanza ulimpa Gardner ushindi wa wazi. Alitajwa mchezaji bora chipukizi wa ulinzi na akaingia kikosi bora cha ligi, All-Pro. Stingley aliumia msuli wa paja, akaishia mechi 9 na pasi 1 aliyonasa, tena chini ya kocha Lovie Smith aliyependa kukaba eneo, yaani kila beki kulinda sehemu yake ya uwanja badala ya kumfuata mtu mmoja, wakati kipaji cha kijana huyu kilikuwa mtu kwa mtu. Kisha ikaja 2023: pasi 5 katika mechi 11. Mwaka 2024 alicheza mechi zote 17, akanasa nyingine 5, naye akaingia All-Pro. Machi 2025 Houston walimwongezea mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 90.

Na hili ndilo ninalotaka wachambuzi walishike: mwaka 2023 Gardner aliingia tena All-Pro bila kunasa pasi hata moja msimu mzima. Hakuna aliyesema ameporomoka. Sifuri ileile iliyomhukumu Stingley chuoni ilieleweka vizuri kabisa ilipokuwa ya Gardner.

Nikirudishwa usiku ule na faili zilezile, ningemchukua Gardner, kwa sababu ya wayo wa Stingley tu. Wayo ulikuwa hatari ya kweli, na misimu miwili ya kwanza, aliyokosa mechi 14, ilionyesha kwamba hofu ya majeraha ilikuwa na msingi. Houston waliijua hatari hiyo wakaikubali, wakasubiri hadi msimu wa tatu kumwona mwaka mzima akiwa na afya.